Ujira wa Shahidi: Tafakari juu ya Karamu za Potlachi

Mwaka 1884 bunge la Kanada lilipitisha marekebisho ya sheria ambayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 1885, na ndani yake mlikuwa na kosa la jinai ambalo msomaji wa leo huenda akalisoma mara mbili kabla ya kuliamini: mwenyeji wa asili wa pwani ya magharibi ya nchi hiyo ambaye angeandaa karamu ya kugawa mali yake kwa wageni, au angewasaidia wengine kuiandaa, angestahili kifungo kisichopungua miezi miwili na kisichozidi miezi sita. Dola nyingi zimewaadhibu raia wao kwa kuiba, kwa kukwepa kodi na kwa kukataa kulipa madeni, lakini ni nadra kukuta dola imewaadhibu watu kwa kutoa kilicho chao kwa hiari yao. Ukarimu wenyewe haukosekani katika jamii yoyote, kwa hiyo jambo linalostahili kuulizwa ni kitu gani kilichokuwa ndani ya ugawaji huo hata serikali ikaona kwamba haiwezi kutawala sawasawa mpaka imeukomesha.

Karamu hiyo hujulikana kwa jina la potlachi, na jina lenyewe lina historia inayofanana na ya maneno mengi ya Kiswahili. Asili yake ni neno la watu wa Nuu-chah-nulth, wakazi wa upande wa magharibi wa kisiwa cha Vancouver, lenye maana ya kutoa au kupa. Likachukuliwa na Kichinuk, lugha ya biashara ambayo wavuvi, wawindaji na wachuuzi wa makabila mbalimbali waliitumia kuelewana, wao kwa wao na pamoja na wafanyabiashara wa Kizungu, kama vile Kiswahili kilivyowaunganisha wapagazi na wachuuzi katika njia za misafara kutoka pwani hadi maziwa makuu. Wenyeji wenyewe walikuwa na majina yao, tofauti kwa kila lugha na kwa kila aina ya karamu, na desturi zao hazikuwa zile zile kila mahali. Wahaida wa visiwani, Watlingit wa kusini-mashariki mwa Alaska, Watsimshian wa mabonde ya mito ya kaskazini, na Wakwakwaka'wakw, yaani watu wanaosema Kikwak'wala, ambao vitabu vya zamani viliwaita Kwakiutl kwa jina la kundi lao moja tu, kila mmoja alikuwa na utaratibu wake. Jina moja la sokoni likawafunika wote, na sheria ikalichukua jina hilo hilo.

Nchi yao ni pwani ya mvua nyingi, yenye misitu ya mierezi inayofika ukingoni mwa maji na mito ambamo samaki aina ya samoni hupanda kwa wingi kila mwaka kwenda kutaga mayai. Wingi huo wa samaki, pamoja na ujuzi wa kuwakausha na kuwahifadhi, uliwawezesha watu wasiolima kuishi katika vijiji vya kudumu, wakajenga majumba makubwa ya mbao za mwerezi, wakawa na machifu, watu wa daraja la kati na hata watumwa. Kiangazi kilikuwa msimu wa kuvua na kuhifadhi, na majira ya baridi yakawa msimu wa sherehe, wakati ghala zimejaa na watu wako nyumbani. Hapo ndipo chifu wa mlango fulani, yaani tawi la ukoo lenye nyumba yake na nembo zake, alipowaalika watu wa milango na vijiji vingine waje washuhudie jambo: mtoto anapewa jina, kijana anarithi cheo cha mjomba au baba yake, binti anaolewa, nguzo ya mwerezi iliyochongwa nembo za ukoo inasimamishwa, au matanga ya marehemu yanaondolewa. Katika siku hizo mwenyeji alisimulia asili ya mlango wake, akaonyesha ngoma na vinyago ambavyo ni yeye peke yake mwenye haki ya kuvionyesha, akawalisha watu, na mwishowe akagawa mali: ngozi na blanketi zilizofumwa, mitumbwi, masanduku ya mbao, na mafuta ya yulakoni, samaki mdogo mwenye mafuta mengi kiasi kwamba akikaushwa huweza kuwashwa kama mshumaa.

Wahenga wa Waswahili walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, wakimwonya mfanyabiashara asiyeandika hesabu zake kwamba atafilisika kabla hajatambua. Watu wa pwani hiyo ya kaskazini hawakuwa na maandishi, na mali yao iliyo kubwa kuliko zote haikuwa ya kuhesabika kwa macho, kwa kuwa ilikuwa ni majina, vyeo, nyimbo, visa vya asili, na haki ya kuvua katika ukingo fulani wa mto au kuchuma matunda katika mlima fulani. Mali ya namna hiyo hupotea kwa urahisi sana, kwa sababu yeyote anaweza kusema kwamba jina fulani ni lake, na mwenye haki akifa bila kumrithisha mtu mbele ya watu, ugomvi hauna mwisho. Daftari lao lilikuwa wageni. Kila aliyekaa katika jumba lile, akaona nani kapewa jina gani, akasikia mipaka ikitajwa, kisha akapokea zawadi, alikuwa ameandikwa kuwa shahidi, na zawadi aliyoibeba kurudi nayo kwao ilikuwa ujira wa ushahidi huo. Kuipokea kulikuwa na maana ya kukubali kwamba yaliyosemwa ni kweli. Aliyekuwa na pingamizi alipaswa kulitoa pale pale, kwa maana baada ya kupokea hakuwa tena na haki ya kukana.

Jambo hili si geni kabisa kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, anayefahamu kwamba ndoa huhitaji mashahidi na kwamba karamu ya walima, pamoja na kuwa furaha ya kula, ni njia ya kuitangaza ndoa ili pasiwe na mtu wa kusema kesho kwamba hakuwa na habari. Tofauti ni kwamba katika potlachi ushahidi haukuachwa uelee katika sifa ya jumla ya kualikwa na kula, bali ulipimwa. Wageni waliketi kwa kufuata vyeo vyao, wakaitwa kwa majina yao ya heshima mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akapewa kulingana na nafasi yake, hivi kwamba mpangilio wa zawadi ulikuwa orodha ya vyeo vya nchi nzima ikisomwa hadharani. Kumwita wa tatu kabla ya wa pili kulikuwa kosa zito, na dawa yake ilikuwa zawadi ya ziada iliyotolewa papo hapo. Vivyo hivyo, chifu aliyeanguka mbele ya watu au mcheza ngoma aliyekosea hatua aliifuta aibu hiyo kwa kugawa mali, yaani aliwalipa waliomwona ili wakumbuke kwamba jambo limesawazishwa. Mali ilitumika kuandika, na mali ilitumika pia kusahihisha kilichoandikwa vibaya.

Sura ya upole zaidi ya desturi hii inaonekana kwa Watlingit, ambao jamii yao imegawanyika katika pande mbili, upande wa Kunguru na upande wa Tai, ambao mahali pengine huitwa wa Mbwa Mwitu, na mtu wa upande mmoja kwa desturi huoa au kuolewa upande wa pili. Mtu anapofariki, watu wa upande wa pili ndio wanaoushughulikia mwili na mazishi, kwa sababu walio wa ukoo wake wamezidiwa na huzuni; kisha, yapata mwaka mmoja baadaye au zaidi, ukoo wa marehemu huandaa karamu iitwayo koo.éex', jina linalotokana na tendo la kualika, ambamo huwashukuru na kuwalipa wale waliowabebea msiba. Wageni huimba kuwafariji wenyeji, wenyeji huomboleza kwa mara ya mwisho, vyakula alivyovipenda marehemu hugawiwa, jina lake hupewa aliye hai, na usiku unaoanza kwa machozi huishia kwa mizaha na vicheko. Mtanzania anayejua kazi za mtani msibani, namna anavyozika, anavyotania wafiwa mpaka wakacheka na anavyostahili kupewa chake, hatahitaji kuelezwa kwa nini huzuni hukabidhiwa watu wa upande wa pili, wala kwa nini kazi hiyo haiachwi bila malipo.

Hata hivyo, potlachi iliyosifika duniani si hii ya Watlingit bali ile ya Wakwakwaka'wakw wa Fort Rupert, kituo kilichojengwa na Kampuni ya Hudson's Bay mwaka 1849 kaskazini mwa kisiwa cha Vancouver. Mwanaanthropolojia Franz Boas, akisaidiwa na George Hunt, aliyekulia hapo hapo, mtoto wa mama wa Kitlingit na baba Mwingereza, aliandika kwa kirefu habari zao katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1897, na humo wasomaji wa Ulaya na Marekani wakakutana na machifu wanaoshindana kwa kutoa, wanaomwaga mafuta motoni mpaka paa linaunguzwa, na wanaovunja shaba. Shaba hizo ni mabamba yenye umbo la ngao, yaliyopakwa rangi na kuchorwa nembo, na kila moja lilikuwa na jina lake na historia ya bei zake. Moja liliitwa kwa jina lenye maana kwamba shaba nyingine zote huona haya kulitazama, na lilikuwa limenunuliwa kwa blanketi 7,500, na jingine, lililoitwa kwa maana ya kuifanya nyumba iwe tupu bila blanketi, lilikuwa la blanketi 5,000. Chifu aliyetukanwa au kudharauliwa aliweza kuivunja shaba yake mbele ya mshindani wake, na mshindani huyo akabaki na deni la kujibu kwa kuvunja yenye thamani sawa au zaidi, la sivyo jina lake lingeshuka mbele ya mashahidi wote.

Boas alieleza mfumo huu kwa lugha ya uwekezaji wenye riba, akidokeza kwamba anayetoa leo huweka akiba kwa ajili ya kesho, na maelezo hayo yakawa mashuhuri. Lakini mwaka 1967 Philip Drucker na Robert Heizer walionyesha kwamba mikopo ya blanketi iliyokuwa na riba ilikuwa shughuli nyingine, iliyotumika kukusanya mali kabla ya karamu, na kwamba zawadi ya potlachi yenyewe haikudaiwa irudi na nyongeza. Ruth Benedict, katika kitabu chake cha mwaka 1934, alikwenda mbali zaidi, akauona ushindani huo kama tabia ya watu waliolewa ukuu. Kilichokosekana katika picha hiyo ni wakati. Katika karne ya 19 magonjwa yaliyoletwa na wageni, hasa ndui ya mwaka 1862, yaliua watu wengi mno katika pwani hiyo, hivi kwamba vyeo vikabaki vingi na warithi wakawa wachache. Wakati huo huo biashara na kazi za ujira zikawafanya watu ambao zamani wasingekuwa na uwezo wa kuandaa karamu wapate blanketi za kutosha. Na vita vya silaha vikakomeshwa. Helen Codere, mwaka 1950, aliuita mwelekeo huo kupigana kwa mali, maana ya zamani ya vita ilikuwa imehamia katika ugawaji. Waliotazamwa kama watu waliolewa ukuu walikuwa watu waliozungukwa na majina yasiyo na wenyewe, wakihangaika kuyaandika upya katika daftari ambalo nusu ya kurasa zake zilikuwa zimekufa.

Mfaransa Marcel Mauss, aliyetumia maandishi ya Boas katika insha yake maarufu ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alitambua jambo ambalo wengi hawakuliona, kwamba zawadi ina wajibu wa aina tatu ndani yake, yaani wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha, na kwamba katika jamii kama hizo uchumi, dini, sheria na sanaa havitenganishiki. Alichokitilia uzito kilikuwa deni kati ya mtoaji na mpokeaji. Deni hilo lipo, lakini ukilitazama peke yake unamsahau mtu wa tatu, yule aliyeketi kando akiangalia, ambaye ndiye anayelifanya deni lijulikane. Na kwa kweli katika potlachi kila mpokeaji ni mtu huyo wa tatu kwa habari ya zawadi za wenziwe. Bila yeye, kutoa kungekuwa jambo la watu wawili na lingekufa pamoja nao.

Waliodai potlachi ipigwe marufuku, wengi wao wamishonari na mawakala wa serikali, walitaja ufujaji wa mali, uvivu, na kuchelewa kwa wenyeji kuingia katika Ukristo na katika maisha ya kujiwekea akiba. Hoja hizo huenda zilitolewa kwa nia njema na baadhi yao, lakini matokeo yake yanasomeka wazi katika ramani: katika sehemu kubwa ya jimbo hilo la pwani, British Columbia, ardhi ilichukuliwa bila mkataba wowote, na karamu iliyokuwa ikipigwa marufuku ndiyo mahali pekee ambapo mwenye mto na mwenye mlima walitajwa kwa majina mbele ya watu. Sheria yenyewe ilipata taabu kulijua kosa ililolitunga. Mwaka 1889 jaji Matthew Begbie alimwachia huru mshtakiwa kwa sababu neno potlachi halikuwa limefafanuliwa, na ilipofika mwaka 1895 maandishi yakabadilishwa ili yakataze sherehe yoyote ambayo kutoa au kurudisha fedha na bidhaa ni sehemu yake. Mwaka 1918 utaratibu ukarahisishwa hivi kwamba wakala wa serikali aliweza kusikiliza kesi hizo mwenyewe.

Wakati wa Krismasi ya mwaka 1921, Dan Cranmer aliandaa potlachi katika kisiwa cha 'Mimkwamlis, ambamo ziligawiwa blanketi, magunia ya unga, mitumbwi, boti za injini, cherehani, gramafoni na hata meza za biliadi, mali ya kale na ya kisasa kwa pamoja. Watu 45 walishtakiwa, na hati za mashtaka zilitaja matendo kama kutoa hotuba, kucheza ngoma, na kubeba zawadi kuwapelekea wanaostahili. Wakala William Halliday aliyeketi kama hakimu aliwapeleka watu 20, wanaume kwa wanawake, katika gereza la Oakalla, wa kosa la kwanza kwa miezi miwili na wa kosa la pili kwa miezi mitatu, na wengine 22 walipewa adhabu iliyositishwa kwa sharti kwamba vijiji vyao visalimishe vinyago, shaba, kayamba na vifaa vyote vya potlachi. Vitu hivyo, ambavyo idadi yake ilifikia mamia, vilipangwa ukumbini katika kanisa la Alert Bay, vikapigwa picha, vingine vikauzwa kwa mkusanyaji George Heye wa New York, na vilivyobaki vikapelekwa katika makumbusho ya Ottawa na Toronto. Kwa mara ya kwanza vinyago hivyo vilitazamwa na watu ambao hawakulipwa kuvitazama, na wasio na wajibu wowote wa kukumbuka vilikuwa vya nani.

Mwaka 1951 sheria ya wenyeji ilipoandikwa upya, kifungu cha potlachi kiliachwa nje bila tangazo, bila msamaha na bila kuwaita waliofungwa. Katika macho ya potlachi hilo lilikuwa tendo pungufu, kwa kuwa hakuna aliyealikwa wala aliyeshuhudia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1953, mchongaji Mungo Martin alifungua jumba alilolijenga katika mji wa Victoria kwa potlachi ya hadharani, ya kwanza tangu kuondolewa kwa marufuku, akawaalika watu, akaonyesha haki zake na akawagawia zawadi. Serikali ilifuta kwa kunyamaza, na Martin akarudisha kwa kusema.

Vinyago navyo vilianza kurudi, kwa sharti la serikali kwamba yajengwe kwanza makumbusho ya kuvipokea. Ya kisiwa cha Quadra yakafunguliwa mwaka 1979, na ya Alert Bay mwaka 1980. Hayo ya pili yaliitwa U'mista, neno ambalo zamani lilitumika kwa mateka wa vita waliokombolewa wakarudi kwao, na humo vinyago vilivyorudi havikufungiwa ndani ya makabati ya vioo, kwa kuwa vilikuwa vimefungiwa vya kutosha. Vingine vinaendelea kurudi kidogo kidogo. Mwaka 2003 binti wa mshairi wa Kifaransa André Breton alikirudisha kilemba cha ngoma kilichokuwa katika mkusanyo wa baba yake.

Daftari hilo la watu lilifika pia mahakamani. Machifu wa Wagitxsan na Wawet'suwet'en, wa bara la British Columbia, walidai haki juu ya eneo la kilomita za mraba 58,000, na kesi iliyoanza kusikilizwa mwaka 1987 iliwaleta kizimbani wazee ambao ushahidi wao ulikuwa visa vya asili na nyimbo zilizothibitishwa kizazi baada ya kizazi katika karamu, mbele ya machifu wageni waliolipwa kusikiliza. Hukumu ya mwaka 1991 iliuona ushahidi huo hauna uzito. Lakini tarehe 11 Desemba 1997, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Delgamuukw, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba historia ya mdomo lazima ipewe nafasi sawa na ushahidi wa maandishi, ikaagiza kesi isikilizwe upya. Kilichoitwa ufujaji mwaka 1884 kilikuwa kimekuwa kumbukumbu ya mahakama.

Mwezi Februari mwaka 2013, msanii na chifu wa Wakwakwaka'wakw Beau Dick alivunja shaba katika ngazi za bunge la British Columbia, na mwaka 2014 akafanya vivyo hivyo mbele ya bunge la Ottawa, pamoja na Wahaida, mbele ya umati wa watu. Beau Dick alifariki mwaka 2017, lakini kanuni ya shaba haifi pamoja na aliyeivunja: aliyevunjiwa hadharani hujibu hadharani, mbele ya mashahidi waliolipwa, na deni lake halifutwi kwa kunyamaza.